Mwaka Zaina Alipochonga Kitabu Changu

Binti wa binamu yangu aliyeko Unguja ameambiwa na daktari kwamba ana kifua kikuu, na mama yake ameniomba nimwandikie niliyoyapitia mimi. Naandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha iliyobaki baina yetu. Hapa kisiwani Nosy Be nakitumia kwa dua na kwa kubishana na wazee tu. Mengine yote ni Kimalagasi, Kingazija na Kifaransa cha ofisini. Kwa hiyo, mwanangu, ukikuta maneno yangu yameota kutu, nivumilie.

Mambo ya dawa mwulize daktari. Mimi nitakwambia yale ambayo hakuna aliyeniambia. Nenda na kikombe chako na kijiko chako, uvitie alama, maana vijiko vya wadi havina mwenyewe. Beba kanga ya kukunja uikalie, kwa sababu benchi la kusubiri ni refu na siku ni ndefu kuliko benchi. Na ujiandae kuona wivu. Mimi nilimwonea wivu kila aliyepanda ngazi bila kusimama katikati. Nilimwonea wivu kuku anayeparua uani. Na zaidi ya wote nilimwonea wivu mdogo wangu Zaina, aliyekaa kwenye nyumba yangu, akashika patasi zangu, akamlaza mwanangu kwenye kitanda changu, na juu ya hayo nikatakiwa nishukuru.

Sisi ni watu wa vitabu vya watoto. Bibi yangu, tuliyemwita Koko kama Wangazija wanavyowaita bibi zao, alikuwa akichonga vibao vya kupigia nguo chapa. Vipande vilivyobaki alivichonga wanyama, akavipaka wino, akavigandamiza kwenye karatasi, akazishona karatasi zikawa kitabu cha kuwapa watoto wa mtaa siku ya Idi. Mumewe alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na jambo lile hakulipenda. Alisema mnyama mwenye jicho atakuja kudai roho kwa aliyemchora. Koko akamjibu, "Basi jicho sitalitia mimi. Atalitia mtoto, na mtoto hana dhambi."

Tangu hapo wanyama wa nyumba yetu hutoka weusi, wamekamilika kila kitu isipokuwa jicho. Mtoto akipewa kitabu huchukua mwiba wa mlimau, akatoboa jicho pale anapoona panafaa, kisha huinua ukurasa juani, mwanga ukapita kwenye tundu. Hapo ndipo mnyama anapoona. Ukipita mjini kwetu Andoany asubuhi ya Idi utawakuta wamejipanga ukutani na karatasi juu, wanapigizana kelele: wangu ananiona, wako ana kengeza.

Baada ya Koko alichonga mama, na mikono ya mama ilipochoka nikachonga mimi. Kwetu nyumba ni ya binti mkubwa, na sanduku la patasi huenda na nyumba. Mkubwa ni mimi. Zaina kazi yake ilikuwa kupaka wino, kuanika kurasa na kuzishona kwa sindano ya magunia. Mnyama wetu mashuhuri ni Mama Trandraka, mnyama mdogo wa miiba aliye kama kalunguyeye, mwenye watoto wengi mpaka majina yao yanamchanganya. Kila mwaka tunampa mkasa mpya. Karatasi tunazipata Dzamandzar, kwenye kiwanda cha sukari, ambako mume wangu Abdu ni fundi wa mitambo. Ni mifuko ya kaki iliyochanika, bado inanata kidogo. Watoto wa hapa wamezoea kulamba vitabu kabla ya kuvisoma.

Mwaka ninaokusimulia uhuru ulikuwa bado mpya. Mwalimu mkuu wa shule alikuja nyumbani, akakaa kwenye mkeka bila kuvua kofia, akasema anataka kitabu chetu kwa darasa la kwanza: maneno ya Kimalagasi chini ya picha, na jina la mtungaji kwenye jalada. Jina! Koko hakuwahi kuandika jina lake popote. Mama vilevile. Nilishinda siku nzima nikijaribu kuchonga "Siti" kinyumenyume ili lisomeke likipigwa chapa, na Abdu akanitania kwamba nimeshakuwa mkubwa kuliko mkuu wa wilaya.

Kisa nilikuwa nimeshakitunga. Mama Trandraka anavuka mto kutafuta chakula, mvua inanyesha, mto unafurika, anabaki ng'ambo. Watoto wanamngoja upande wa pili. Mwisho maji yanapungua na anavuka. Hayo yote nilikuwa nayo kichwani.

Kikohozi nacho nilikuwa nacho, tangu mvua zilipokatika. Nilisema ni vumbi la mbao. Bangili zangu zilikuwa zikipanda mpaka kwenye kiwiko nikiinua mkono, nikasema ni joto. Msimu wa kukata miwa ulipoanza tukawa tunajaribu chapa za mwanzo. Jalada lilikuwa liwe la wino mwekundu, kurasa za ndani nyeusi tupu. Nikauona ukurasa wa mto una matone mekundu, nikamgeukia Zaina.

"We Zaina! Mikono hiyo! Nikwambie mara ngapi unawe kabla ya kushika kurasa nyeusi?"

Zaina alitazama mikono yake. Ilikuwa safi. Kisha akautazama mdomo wangu.

"Dada," akasema polepole, "wino mwekundu hatujaufungua."

Mtu wa afya alikuja na kinyago mdomoni. Kurasa zote akazichoma uani, na vitu nilivyovishika akaamuru vichemshwe. Vibao vyangu vikatiwa kwenye sufuria ya pilau pamoja na vijiko. Mbao haipendi maji ya moto. Vilipasuka vyote, nikiviona kwa macho yangu kutoka dirishani, kwa sababu kutoka nje nilishakatazwa. Daktari akasema niende Mahajanga, ng'ambo ya bahari, hospitali kubwa, na kwamba haitakuwa safari fupi.

Siku ya kuondoka, Hadija, mwanangu wa pekee, ambaye meno yake yalikuwa bado ya utoto, alishikwa mkono na Zaina mlangoni. Sikuruhusiwa kumbusu. Alikuwa amevaa gauni nililomshonea, nyuma mbele, na nilitaka kumgeuzia lakini sikuruhusiwa hilo pia. Nikamwambia Zaina, "Nishikie nyumba." Sikumwambia anishikie patasi. Hilo alilisikia mwenyewe.

Hospitalini Mahajanga kitu cha kwanza ni kusubiri, cha pili ni kusubiri. Unasubiri barazani kupigwa picha ya kifua. Unasubiri picha ikauke. Unasubiri daktari aisome. Alipoiinua yangu dirishani ili mwanga upite nilitaka kucheka, kwa sababu ndivyo watoto wetu wanavyoinua vitabu. Nyeusi na nyeupe, kama chapa ya kibao kilichochongwa na mtu asiyejua kazi. Pale palipotakiwa kuwa peusi pana mawingu. Nikamwuliza daktari kama hayo mawingu yatatoka, akasema yatatoka kama sitachoka kabla yake.

Sindano kila asubuhi, upande huu leo, upande ule kesho, mpaka nikawa nakaa kwa kuchagua. Na unga mchungu wa kumeza, mwingi, unaokaa kooni mpaka adhuhuri. Baada ya miezi kadhaa masikio yalianza kuvuma kama mashine za kiwanda cha Abdu zikiwa mbali, na nikisimama sakafu inainama. Daktari alisema ni ile sindano, nayo ndiyo inayoniponya, kwa hiyo nichague ninalolitaka. Nilitembea nikishika ukuta. Niliomba penseli nichore kikombe changu; mstari uliondoka vizuri, kisha ukateremka upande wa kulia bila ruhusa yangu. Nikajaribu tena, ukateremka tena. Niliifunika ile karatasi kwa mto nikalala juu yake.

Kitanda cha jirani kilikuwa na mwanamke aitwaye Soa, Msakalava, mwuza sambusa wa mtaa wa Tanambao. Kila asubuhi alinisalimu kwa sauti ya sokoni, "Mbola tsara!", yaani bado mzima, na mimi nilimwitikia hivyo hivyo hata siku ambazo tulikuwa tunaongopeana. Tulizungumza Kimalagasi, yeye alicheka Kimalagasi changu cha kisiwani, mimi nikacheka vikohozi vyake ambavyo vilikuwa na mwanzo, katikati na mwisho. Ndugu zake walikuja kila Jumapili wakasimama nje ya dirisha wakimpungia, na Jumapili hizo nilijigeuza ukutani. Aliniona.

"Siti," aliniambia, "wewe unaona wivu hata kwa anayekohoa vizuri."

"Unakohoa vizuri kweli," nikamwambia.

Siku iliyofuata alinipisha kwenye kitanda chake cha dirishani, akahamia changu, akasema jua linamsumbua. Halikuwa likimsumbua. Kumbuka hilo, mwanangu: huko kuna watu watakaokutendea mema na huku wakijifanya wanajipendelea. Alitoka kabla yangu, amenenepa mpaka kanga haikufungika, na nikamwonea wivu kwa hilo pia.

Abdu alikuja pale ruhusa ilipopatikana kiwandani. Tulizungumza yeye akiwa barazani, mimi dirishani. Alinipa habari za kila mtu, za Hadija akaziweka mwisho.

"Hajambo. Anakula. Zaina anampeleka chuoni."

"Ananiulizia?"

"Mwanzoni sana."

"Na sasa?"

Abdu alikuna shingo. Ni mtu asiyejua kupamba maneno, na ndiyo maana nilimpenda, ila siku ile ningefurahi angejua kidogo. "Anamwita Zaina mama mdogo," akasema. "Lakini unajua watoto. Lile 'mdogo' siku nyingine anasahau."

Basi ungenichoma sindano zote za Mahajanga kwa mara moja nisingesikia. Nikamwuliza kuhusu kitabu. Akasema Zaina anachonga vibao upya vyote, mama anamwangalia, mwalimu mkuu amekubali kungoja. Anatumia patasi zipi? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa anapumua kwa pua ipi. Zako, akasema.

Nikakaa nikafikiri: vile vibao vyangu vilipasuka vyenyewe, au kuna aliyeongeza kuni? Nilijua ni upuuzi. Niliufikiri wiki nzima.

Mvua zilipokaribia kwisha makohozi yangu yalionekana safi, wakaniruhusu kulala nje ya hospitali ilimradi nirudi kwa sindano. Nilikwenda kwa mama mkubwa Amina, dada wa mama yangu, huko Antanimasaja, mtaa wa palepale Mahajanga. Yeye alinipa chumba chenye madirisha mawili, sahani yangu, na sheria moja: nisilie mezani. Nikaanza kunenepa. Uso ulijaa, miguu ikajaa, bangili zikarudi mahali pake. Watoto wa mtaa walichungulia kwenye uzio na kukimbia nikiwatazama, na mimi, mtunzi wa vitabu vya watoto, nilijifunza kutowatazama ili wakae.

Idi ilikuwa imeshapita Abdu alipokuja na kitabu.

Nilikuwa nimeomba kwa Mungu kiwe kibaya. Sikuomba hivyo kwa maneno. Niliomba kwa moyo, na Mungu anasikia kote. Nilitaka kiwe kibaya kiasi cha kunifanya niseme maskini Zaina, amejitahidi. Nikakifungua.

Mama Trandraka wangu miaka yote husimama. Amesimama mlangoni, amesimama chini ya mti, miguu imepangwa vizuri, kila mwiba mahali pake. Wa Zaina alikuwa anakimbia. Miiba imelala nyuma kwa upepo, mguu mmoja hewani, na watoto nyuma yake wanapepesuka, mmoja ameanguka chali. Mto wake ulikuwa mto. Nilisikia kicheko, mama mkubwa Amina alikuwa amesimama nyuma yangu na kisu cha vitunguu, anacheka picha ya yule aliyeanguka.

"Huyu kafanana na Abdu," akasema.

Kwangu mama mkubwa hakuwahi kucheka hata ukurasa mmoja. Alikuwa akisema, nzuri sana mwanangu.

Jalada lilikuwa na jina langu, Siti, peke yake. Hilo nalo liliniudhi. Ukimwibia mtu kazi basi angalau uandike jina lako, umwache akuchukie kwa raha.

Nikakipekua nikitafuta kosa. Nakwambia ukweli, nilitafuta kama mtu anayechambua mchele. Kosa la kwanza lilikuwa kwamba hadithi haikuisha. Ukurasa wa mwisho Mama Trandraka bado yuko ng'ambo, maji yamepungua kidogo, amesimama anawaelekea watoto, basi. Hakuvuka. Nikatikisa kichwa kwa furaha. Kisha nikaona la pili, nikakiinua kitabu dirishani nisiamini. Mama Trandraka wa ukurasa ule alikuwa na jicho.

Si tundu la mwiba. Lilikuwa doa jeupe la chapa, kumaanisha kibao chenyewe kilikuwa na shimo, kumaanisha kila kitabu kilichotoka kilikuwa nalo. Koko, mama, mimi, hatukuwahi. Na lilikuwa limewekwa vibaya, chini mno, karibu na shavu. Hata mahali pa jicho hapajui! Nilisikia raha ambayo sikuwa nimeisikia tangu nilipougua.

"Abdu, mama ameliona hili?"

"Ameliona."

"Na wazee?"

"Mjomba Saidi amekirudisha kitabu. Amesema hakiingii nyumbani kwake. Wengine wamenung'unika."

"Zaina amesemaje?"

"Kasema kibao kilikuwa mikononi mwake, lawama ni zake."

"Kwa nini alifanya hivyo? Anataka tuchekwe? Mwaka ambao shule inakitaka?"

Abdu alisimama akafuta suruali vumbi ambalo halikuwepo. "Mama Hadija," akasema, "utapona, utarudi, utamwuliza mwenyewe. Mimi sitii mguu kati ya ndugu wawili."

Akaondoka na nikabaki na kitabu. Na hapa ndipo nataka unielewe, mwanangu, kwa sababu kila mgonjwa ana kitu kinachomnyanyua kitandani, na si lazima kiwe kitu kizuri. Wenzangu walikuwa na tasbihi, au picha ya mchumba. Mimi nilikuwa na lile jicho. Kila asubuhi kabla ya kwenda kuchomwa sindano nilifungua ukurasa wa mwisho, nikalitazama, nikasema, tazama alivyokosea, nikapata nguvu ya kuvaa viatu. Nilikwenda hospitali, nikasubiri kwenye benchi lile refu, kitabu mfukoni. Siku ambazo sakafu iliinama sana nilikitoa nikakitazama palepale. Mvua zikakatika, upepo wa baridi ukaanza, wakanipunguzia sindano, na jicho lile nikalijua kuliko uso wangu. Upande mmoja lilikuwa na mkwaruzo mdogo, kama vile chombo kilichotoboa kiliteleza kidogo kabla ya kuingia.

Picha ya mwisho ya kifua daktari aliiinua dirishani, akanionyesha mawingu yaliyobaki ni makovu tu. Akaniambia niende nyumbani. Masikio yataendelea kuvuma, akasema, na kizunguzungu huenda kikakaa. Niliuliza kuhusu mkono. Akauliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia aliniandikia vidonge vya kuendelea navyo.

Nilifika Andoany miwa ikikatwa tena, moshi wa kiwanda umeegemea upande wa Dzamandzar kama kawaida. Mama alinishika uso akalia. Wajukuu wa majirani walisimama mbali. Hadija alikuwa amerefuka, amepoteza jino la mbele, na alisimama nyuma ya Zaina ameshika kanga yake kwa mikono yote miwili. Niliita jina lake. Alinitazama, mwanamke mnene mwenye sura ya mama yake, akajificha uso.

"Mpe muda, dada," Zaina akasema.

Ningempiga. Muda! Yeye ndiye aliyekuwa na muda wangu wote.

Chumba changu kilikuwa safi kuliko nilivyokiacha. Hilo lilinikera kwa namna yake. Zaina aliingia nyuma yangu na sanduku la patasi, akaliweka miguuni pangu, ufunguo juu.

"Lako," akasema. "Nimezinoa."

"Naona umefanya mengi."

"Ulisema nikushikie nyumba."

Nikafungua sanduku. Patasi zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa, jambo ambalo mimi sikuwahi kulifanya. Chini yake vilikuwa vibao vyake, vimefungwa kwa kitambaa. Nikakitoa cha mwisho, cha ukurasa wa ng'ambo ya mto, nimwonyeshe kosa lake kwa kidole. Maneno niliyatayarisha tangu Antanimasaja. Nikageuza kibao kuelekea mwanga, nikapitisha kidole kwenye lile jicho.

Lile shimo halikuchongwa. Patasi huacha ukingo. Hili lilikuwa limechomwa kwa sindano ya magunia, kwa nguvu za kuegemea, na mkwaruzo ule ni pale sindano ilipoteleza kwanza. Lilikuwa chini mno kwa sababu mkono uliolitia haukufika juu zaidi. Mtu mzima asingeweza kulitoboa hivyo hata angetaka.

"Hadija," nikasema.

Zaina aliketi kitandani. "Nilikiacha mezani nikaenda kuchota maji. Yeye kila mwaka anakuwa wa kwanza kutoboa, si unajua? Mwaka ule hukuwepo wa kumwambia subiri kitoke kwanza. Akatoboa kibao. Niliporudi alikuwa anakiinua juani, mbao nzima, anashangaa kwa nini mwanga haupiti."

"Ungechonga kingine."

"Ningechonga. Mbao ilikuwepo. Nikapiga chapa moja tu nione kimeharibika kiasi gani. Akaichukua karatasi kabla haijakauka, akasema, 'Sasa mama ananiona kutoka kule.'" Zaina alikuwa akizungumza na mikono yake. "Niambie wewe ungekitupa kibao hicho."

"Ulimwambia Mjomba Saidi ni wewe. Ungesema ni mtoto wangekusamehe. Si mtoto hana dhambi?"

"Mtoto alitoboa kimoja. Aliyekipiga chapa na kukisambaza ni mimi."

"Na mimi kwa nini hukuniambia?"

"Dada, ningekwambia ungesema nimemfundisha mwanao kuharibu vibao vya nyumba."

Ningesema hivyohivyo, neno kwa neno. Nikamwuliza kwa nini basi hakumalizia hadithi, kwa nini alimwacha mnyama ng'ambo. Akasema, "Sikujua inaishaje. Daktari alikuwa hajasema."

Usidhani wivu ulinitoka hapo. Nilijaribu patasi siku ileile, kwenye kipande cha mbao, na mstari ukateremka kulia kama kule wadini. Sasa Zaina anachonga, mimi natunga na kuandika maneno, sanduku linakaa chumbani kwangu na ufunguo uko kwake, na jalada lina majina mawili. Kila anapochonga mnyama anayeruka, kitu kinanifinya hapa, chini ya makovu. Nimeishi na masikio yanayovuma, na hilo naishi nalo.

Lakini jioni ile ya kwanza, kabla jua halijazama, tuliketi uani. Hadija alikuwa mapajani kwa Zaina. Mimi nilikuwa upande wa pili wa mkeka, mikono nimeitia chini ya mapaja ili nisimvute. Akashuka. Akaingia ndani, na Zaina akaanza kuinoa patasi niliyoijaribu. Hadija akatoka na kitabu chake, kimelambwa pembe zote, akasimama mbele yangu, si karibu sana. Alifungua ukurasa wa mwisho. Akaweka kidole kwenye lile doa jeupe, kisha akanitazama machoni, hili, halafu hili.

"Ulikuwa unaniona?"

Zaina aliacha kunoa. Yeye na mama wakanisubiri niseme lile linalosemwa kwa watoto. Mimi nikatia mkono mfukoni nikatoa kitabu changu, kimechakaa kwa jasho la benchi la Mahajanga. Kilijifungua chenyewe kwenye ukurasa ule, kwa sababu hakuna mwingine nilioufungua.

"Kila siku," nikamwambia. "Kila asubuhi kabla ya sindano nilikutazama."

Haukuwa uongo hata kidogo.

Hadija alivilinganisha vitabu viwili, jicho kwa jicho, akaridhika. Kisha akaketi kwangu, mgongo wake kwenye tumbo langu jipya la hospitali, akauliza kama mwaka huu Mama Trandraka atavuka. Nikamwambia atavuka, nikaanza kumsimulia jinsi maji yanavyopungua, na nilipoinua macho nikamwona Zaina kaishika patasi bila kuinoa, anayatazama mapaja yake matupu. Niliijua sura ile. Nilikuwa nimeivaa mwaka mzima.